Ziwa Letu Katika Makumbusho ya Vita

 

Kijana mmoja wa Buyenzi, hapa Bujumbura, amepata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Kabla hajafunga sanduku alikuja kuniuliza atembelee nini akifika London, maana anajua niliwahi kukaa huko kwa muda. Nikamwambia aanze na makumbusho ya vita. Uso wake ukabadilika. Akasema, "Mzee, sisi vita tumeshiba. Nitoke Bujumbura niende kutazama mizinga?" Swali lake ni la haki. Katika nchi hii hakuna familia isiyo na kaburi la vita, au mtu aliyeondoka usiku mmoja na asirudi. Kwa hiyo sikumjibu kwa haraka mlangoni. Namjibu leo hapa redioni, kwa kuwa nadhani wengi wenu mnalo swali hilohilo moyoni.

Imperial War Museums si jumba moja. Ni makumbusho matano chini ya usimamizi mmoja. Lile kubwa liko kusini mwa mto Thames, barabara ya Lambeth, ndani ya jengo lililokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoitwa Bethlem. Makumbusho yalihamia humo mwaka 1936. La pili ni meli nzima, manowari HMS Belfast, iliyotia nanga mtoni karibu na daraja la Tower Bridge. La tatu ni vyumba vya chini ya ardhi ambamo Winston Churchill na mawaziri wake walikutana wakati ndege za Ujerumani zikipiga London kwa mabomu. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 1984. La nne ni uwanja wa ndege wa zamani huko Duxford, karibu na Cambridge. La tano liko Manchester, lilifunguliwa mwaka 2002, na msanifu wake Daniel Libeskind alilipa umbo la tufe la dunia lililovunjika vipande. Lambeth na Manchester mtu huingia bure. Mwanafunzi asiye na fedha aanzie hapo.

Ukiniuliza mimi, nililopenda zaidi ni meli. HMS Belfast ilishushwa majini mwaka 1938, ikapigana na Wajerumani katika bahari ya baridi kaskazini ya Norway Desemba 1943, na tarehe 6 Juni 1944 mizinga yake ilikuwa miongoni mwa iliyofyatua kwenye pwani ya Normandie, siku ile majeshi ya washirika yalipotua Ufaransa. Lakini siyo mizinga inayomshika mgeni. Unashuka ngazi za chuma zilizosimama wima, unapita jikoni, unapita mahali pa kuoka mikate, unakuta chumba cha daktari wa meno, unakuta kanisa dogo, unaona vitanda vya kamba vilivyoning'inia kimoja juu ya kingine, mpaka unafika chini kabisa kwenye matanuri ya mvuke. Huko chini unaanza kufikiri juu ya watu. Mamia ya vijana walilala humo, wakala humo, wakaugua humo. Aliyekuwa akitunza tanuri hakuwaona adui hata mara moja. Alisikia kishindo tu, akajua maji yapo upande wa pili wa chuma.

Wazo hili la kutazama watu halikuja juzi. Makumbusho haya yaliamuliwa na serikali ya Uingereza mwezi Machi mwaka 1917, wakati vita vya kwanza vya dunia bado vinaua maelfu kila wiki. Hakuna aliyejua nani atashinda. Waliopewa kazi hawakukusanya bendera na panga za majenerali peke yake. Waliziomba familia za kawaida picha za watoto wao waliokufa, barua zao, vitu vyao vidogo vya mfukoni. Makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1920, mwenyekiti wake Alfred Mond alieleza kwamba hayakujengwa kuwa mnara wa fahari ya jeshi, bali kumbukumbu ya jasho na kujitolea kwa watu. Sisemi kila chumba kimetimiza ahadi hiyo. Nasema ahadi ilitolewa mapema, na kwa sababu ilitolewa, leo tunaweza kuwadai.

Kwa nini sisi wa Bujumbura tudai? Kwa sababu vita vile vilifika hapa. Vilipiganwa juu ya maji haya ambayo watoto wetu wanaogelea.

Turudi mwaka 1915. Nchi hii iko chini ya Wajerumani, ng'ambo kuna Wabelgiji, na Ziwa Tanganyika ni la Wajerumani kwa sababu wao ndio wenye meli zenye silaha. Kule Kigoma wana meli ndogo mbili, Kingani na Hedwig von Wissmann. Na wanaunganisha ya tatu, kubwa kuliko chombo chochote kilichowahi kuelea katika ziwa hili: Graf von Götzen. Hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Mwezi Februari 1915 ikashushwa majini. Ilikuwa na urefu wa mita 70 na zaidi, na ingeweza kuwasogeza askari mamia kwa safari moja kutoka Kigoma hadi kusini. Baadaye wakaifungia mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mzinga mwingine wa Königsberg upo Mombasa, Fort Jesus, na jirani yake umewekwa mzinga wa Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg hiyohiyo iliizamisha Zanzibar mwaka 1914. Mwenye nauli ya kufika Mombasa lakini si ya London akaitazame mizinga hiyo miwili ya maadui ikikaa pamoja.

Waingereza waliamua kuleta mashua za kivita. Mashua mbili za mbao, kila moja yapata mita 12, zilizopewa majina Mimi na Toutou. Juni 1915 zikapakiwa melini Uingereza, zikashushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume katika Katanga. Hapo reli ikaishia. Mbele yao kulikuwa na milima ya Mitumba, safu ileile ambayo sisi tunaiona kila jioni nyuma ya Uvira, ng'ambo ya maji, jua likizama. Huko kusini waliivuka kwa trekta za mvuke, kwa makundi ya ng'ombe, na kwa mabega ya watu. Ilibidi msitu ukatwe. Ilibidi madaraja yajengwe zaidi ya mia moja juu ya vijito na mabonde, kwa magogo yaliyoangushwa papo hapo. Mahali ambapo maji yaliadimika, wanawake wa vijiji waliyabeba vichwani kulisha matangi ya trekta. Kisha reli tena, kisha mto Lualaba, kisha reli mpaka Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Walifika mwishoni mwa Oktoba.

Hawa Waingereza walikuwa chini ya watu 30. Mkuu wao aliitwa Geoffrey Spicer-Simson, mtu mwenye majivuno na vituko vingi, aliyevaa sketi kambini na kuuacha mwili wake uliojaa chale za kuchorwa wazi kwa kila mtu. Waandishi wa vitabu wamempenda sana kwa sababu hiyo. Hadithi ya msafara wake inatajwa kila mara panapozungumzwa riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, The African Queen, iliyotengenezwa filamu mwaka 1951. Mimi naona vituko vyake vimekula nafasi kubwa mno. Kila ukurasa unaotumika kueleza sketi ya afisa mmoja ni ukurasa uliokosekana kwa waliojenga yale madaraja.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya Jumapili, Waingereza wakiwa katika sala, Kingani ikaonekana majini ikipeleleza. Mimi na Toutou zikaingia ziwani. Pigano lenyewe halikuchukua hata robo saa. Nahodha Mjerumani akauawa na Kingani ikatekwa. Waingereza wakaitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi ikaizamisha Hedwig von Wissmann. Baada ya hapo Wajerumani hawakuwa tena na uhakika wa ziwa. Juni, ndege za majini zilizokuwa upande wa Wabelgiji zikaruka kutoka pwani ya Kongo na kuipiga Kigoma kwa mabomu. Mkulima aliyekuwa shambani kwake mwambao huo siku ile alisikia ngurumo ambayo wazee wake hawakuwahi kumsimulia.

Na hapa kwetu? Mwezi uleule wa Desemba 1915 ambao Kingani ilitekwa, Burundi ilikuwa imempata mwami mpya. Mwami Mutaga alikuwa amefariki mwisho wa Novemba, na aliyetawazwa, Mwambutsa, alikuwa mtoto mdogo. Nchi yenye mfalme mtoto ikakutwa na majeshi mawili ya Ulaya. Tarehe 6 Juni 1916 kikosi cha Wabelgiji kikaingia Usumbura, mji huu tunaoishi, na kabla ya mwezi huo kwisha kikawa Gitega. Askari wake wengi walikuwa Wakongo. Waliopita walidai chakula, walidai ng'ombe, walidai watu wa kubeba mizigo. Kigoma ikaanguka mwisho wa Julai, Tabora ikaanguka Septemba 19. Vita vilipokwisha Ulaya, mataifa yakakaa mezani mbali na hapa yakaamua kwamba Rwanda na Urundi zitakuwa za Ubelgiji na Tanganyika itakuwa ya Uingereza. Mpaka ambao ndugu zetu wa Nyanza-Lac wanauvuka leo wakiwa na vitambulisho mkononi ulitokana na uamuzi ule.

Sasa mnaelewa kwa nini nilimwambia kijana aende. Aende akijua kwamba anaenda kutafuta habari za kwao.

Lakini aende na swali. Spicer-Simson tunamjua kwa jina, tunajua alipozaliwa, tunajua medali aliyopewa. Wapagazi je? Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, Waingereza peke yao walichukua wapagazi mamia ya maelfu, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, na baadaye katika ardhi waliyoiteka Tanganyika. Waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Chakula walichopewa kilikuwa kigeni kwa matumbo yao na mara nyingi hakikupikwa kikaiva. Kariakoo ya Dar es Salaam ni mahali ambapo kikosi chao kilikuwa na kambi, na mamilioni ya watu wamenunua mchicha na viatu hapo bila kuambiwa habari hiyo.

Mwezi Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa juu ya jambo hili, na ikaomba radhi hadharani. Taarifa ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita vya kwanza, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tume hiyo ilikuwa imeundwa kwa msingi kwamba kila aliyekufa, tajiri au maskini, afisa au askari wa kawaida, apate jiwe la namna moja na jina lake liandikwe. Kwa Mzungu aliyezikwa Ufaransa walifanya hivyo. Kwa mpagazi aliyezikwa kando ya njia ya Tabora walisema sanamu moja ya mjini inatosha. Sanamu hizo zipo, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam ni askari mwenye bunduki, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ni kazi nzuri ya sanaa. Haina jina la mtu hata mmoja.

Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba makumbusho ya vita ni mambo ya Wazungu, sikubaliani naye. Mambo yetu yamo, yamekaa pembeni, na yatakaa pembeni mpaka tuyaulizie. Kuuliza kunaleta matokeo. Katika makumbusho ya jeshi la nchi kavu huko Chelsea, National Army Museum, kulikuwa na nywele za Mfalme Tewodros wa Ethiopia, zilizokatwa baada ya kifo chake Maqdala mwaka 1868. Waethiopia waliuliza, wakarudia kuuliza, na Machi 2019 nywele zile zikakabidhiwa kwao.

Nimeiacha makusudi habari ya meli kubwa. Spicer-Simson alipoiona Götzen kwa darubini hakuthubutu kuishambulia. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha karibu na Kigoma, tarehe 26 Julai 1916, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Mafundi walioijenga waliipaka mitambo mafuta mazito kabla haijazama, kama watu wanaotazamia kuirudia. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi imepitia Kigoma, Kasanga, Mpulungu, na imewahi kutia nanga hapa Bujumbura. Samaki wakavu, mahindi, mananasi, bibi harusi, maiti waliorudishwa kwao: vyote vimepanda Liemba.

Halafu ukaja mwaka 2015. Wengi wenu mnajua ninakoelekea. Mwezi Mei wa mwaka huo makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi walikuwa Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kando ya mpaka, chenye ziwa mbele na mlima mkali nyuma, kisicho na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa maji tu, na chombo kilichoweza kubeba watu mamia kwa safari moja kilikuwa Liemba. Meli haikuweza kusogea ufukweni, kwa hiyo watu walipandishwa mitumbwi kwanza, akina mama wakiwa na watoto mgongoni, wazee wakiwa wameshikwa mikono, mpaka ubavuni mwa meli, wakavutwa juu. Ikawafikisha Kigoma, ikageuza, ikarudi kuchukua wengine. Meli iliyoletwa kuwasogeza askari wa Kaizari iliwaokoa watu wa Buyenzi na Rumonge miaka 100 baadaye. Naapa mbele yenu, katika makumbusho yote matano ya Waingereza sikuona chombo chenye maisha ya namna hii.

HMS Belfast inatunzwa, inapakwa rangi, ina watu wa kueleza kila chumba. Liemba katika miaka ya karibuni imesimama kwa matengenezo, na natumaini kwa dhati kwamba serikali ya Tanzania itairudisha majini ikiwa bado ni Liemba. Ni mali yao, lakini ni kumbukumbu yetu sote wa mwambao huu, Burundi, Kongo na Zambia.

Nasi Warundi tunayo makumbusho. Gitega kuna ya taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yenye vitu vya enzi za wami. Hapa mjini kuna Musée Vivant, ambako shule zinapeleka watoto kuona mamba na nyoka na nyumba ya kirundi ya zamani. Kusini ya mji, Mugere, tunalitunza jiwe la Livingstone na Stanley, Wazungu wawili waliopita hapo Novemba 1871. Sina ugomvi na jiwe hilo, na nimewapeleka wageni wengi kuliona. Ila nikisimama pale huwa nafikiri kwamba tunajua usiku walipolala wasafiri wawili, na hatujui jina la Mrundi mmoja aliyebebeshwa mzigo mwaka 1916 akafia njiani.

Waliokuwepo mwaka 1916 wamekwisha wote. Watoto wao pia wengi wametangulia. Lakini wajukuu wapo, na wana walichosimuliwa. Wapo Buyenzi watu ambao babu zao waliingia mji huu pamoja na msafara wa Wajerumani au wa Wabelgiji, kama askari, kama wapishi, kama mafundi cherehani. Wapo Kabondo wavuvi ambao baba zao walipanda Liemba kama mabaharia. Na waliovuka kutoka Kagunga mwaka 2015 wako hai, wengine wamerudi, wengine bado wako kambini Nyarugusu. Makumbusho ya London yalianza mwaka 1972 kurekodi sauti za watu wa kawaida waliopitia vita, na leo mtafiti wa pande zozote anaweza kuzisikia. Kazi hiyo haihitaji jumba wala mzinga. Inahitaji chombo cha kurekodia sauti, na karibu kila mmoja wenu anacho mfukoni.

Kwa hiyo nawaomba mfanye jambo hili wiki hii. Mwulizeni mzee wa nyumba yenu: nani katika ukoo aliwahi kubeba mzigo wa jeshi lolote, la Mjerumani, la Mbelgiji, au lile la Waingereza lililokwenda Burma mwaka 1944? Alitoka kijiji gani? Alilipwa nini? Alirudi? Mwacheni aongee kwa lugha anayoiweza, Kirundi, Kiswahili, Kibembe, na msimkatize. Anayesimulia habari za Kagunga asilazimishwe. Akikubali, mwulizeni kama jina lake litajwe au lifichwe. Tajeni tarehe ya mazungumzo mwanzoni mwa rekodi. Kisha zileteni hapa kituoni. Kijana wetu akishaondoka nitamtumia chache za kwanza, apate kuwaonyesha watunza nyaraka wa Lambeth kwamba upande wa pili wa ziwa nao una la kusema.